Nyuki wa Ploti ya Jirani

Munyiva na mumewe Maweu walihamia Kitengela mwaka 1999. Munyiva alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mwanamke wa sauti kubwa asiyeweza kulala na swali. Swali lake lilikuwa nyumba ya jirani, iliyoachwa ikiwa imefika kwenye linta, juu ya madirisha, bila paa wala mtu. Majirani wote walimjibu, "Hatujui ni ya nani."

Mwaka 2004 nyuki walihamia ndani ya ukuta ule. Wakamuuma Maweu mdomoni, akaenda kanisani Jumapili amevimba, asiweze hata kuimba.

"Tuwachome," akasema.

"Tuchome nyumba ya mtu hatumjui? Ngoja nimtafute."

Akaenda Kajiado, ofisi ya ardhi, na namba ya ploti yao. Karani akakunjua ramani, akamwonyesha ploti ya jirani na namba yake, akamwambia aombe sachi, yaani jina la mwenye ploti litafutwe kwenye rejista.

"Na wataniambia, hata kama si yangu?"

"Rejista ni ya umma, mama. Leta kitambulisho tu."

Alasiri alipewa karatasi yenye muhuri: Nashipae Sankale, wa Kisaju.

Siku ya soko alishuka Kisaju akaulizia. Akaonyeshwa mama mzee aliyekuwa akiuza maziwa.

"Takwenya, yeyo," Munyiva akamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," mama akaitikia.

"Nimekuja juu ya nyumba yako ya Kitengela. Iko na nyuki."

Nashipae akamtazama kwa huruma, kama mtu aliyepotea njia. "Mimi siko na nyumba huko. Mzee wangu aliuza hiyo ploti kabla afe."

Munyiva akamsomea karatasi: mwenye ploti ni Nashipae Sankale, tangu 1997.

"Soma tena."

Akasoma tena. Yule mama akaweka kibuyu chini.

"Mwaka huo alinipeleka Kajiado nikaweka kidole. Sikuuliza, nikajua ni ya kuuza. Kumbe alikuwa ananiandikia." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa shuka. "Huyo mzee. Kuongea ilikuwa inamshinda kabisa. Pengine alitaka nyumba imalizike kwanza ndio anionyeshe."

Wiki hiyo hiyo alikuja kuiona. Akazunguka vyumba vyote, akipapasa mawe. Alikataa nyuki wachomwe, kwa hiyo Maweu akamwita mjomba wake Kimanzi kutoka Mwingi, aliyewafukizia moshi, akawahamishia kwenye mzinga wa gogo nyuma ya ua.

Nashipae akauza fahali, akaweka paa. Munyiva alipomuuliza kama atapangisha, alitikisa kichwa.

"Nimekaa kwa watoto sana. Sasa wao waje kwangu, wabishe mlango."

Akahamia kabla ya mvua ndefu, na mbuzi wake. Alasiri ile Munyiva alimpelekea sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, wakaketi juu ya mifuko ya saruji iliyobaki, wakala pamoja.