Kompyuta ya Mjomba na Mashine ya Abubakari

Siku ya Alhamisi kompyuta ya mjomba wangu Ulimboka ilizimika mara saba, na kila ilipozimika alichukua kalamu akaandika saa.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda pembeni yake, nikiwa na woga, maana karibu kila kitu kilichokuwa ndani ya ile kompyuta nilikichagua mimi. Yeye alitoa hela, mimi nikatoa ujuaji. Niko kidato cha tatu, tulikuwa likizo ya Juni, na ukoo mzima hapa Mabwerebwere, Kilosa, ulikuwa umeshaaminishwa kwamba mimi Imani najua kompyuta.

Mjomba alikuwa dereva wa treni ya mizigo, ile reli ya zamani, Kilosa hadi Dodoma. Baba yake naye alifanya kazi relini, akipanga mataruma chini ya reli. Miaka miwili kabla ya kustaafu, jicho la kushoto lilianza kuona ukungu. Alirudi kutoka safari, akapimwa, akaambiwa asipande tena injini, akamalizia utumishi wake ofisini akigonga mihuri. Jicho lilikuja kufanyiwa upasuaji baadaye, lakini injini ndiyo ilikuwa imeshaondoka.

"Hakuna aliyeniambia kwamba ile ni ya mwisho," huwa anasema. "Ningejua, pale Gulwe ningepiga honi ndefu."

Basi siku moja nikamwonyesha kwenye simu video ya gemu la kuendesha treni. Unaona vyombo vya kuendeshea injini, breki, taa za ishara, mvua inagonga kioo. Mjomba aliishika ile simu kwa mikono miwili mpaka chaji ikaisha. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeulizia dawa, "Hiyo inahitaji nini?"

Ilihitaji kompyuta yenye nguvu, na mjomba alikuwa na laki sita. Ndiyo iliyobaki kwenye kiinua mgongo baada ya nyumba na bati. Mke wake, anti Sesilia, alimwekea mezani akasema mbele yangu, "Ikiisha imeisha, Ulimboka. Usije ukaniambia umebaki waya mmoja tu."

Nilitazama video miezi miwili. Nikajua kwamba mwenye hela ndogo anatafuta kompyuta iliyotumika ofisini, kisha anaipachika kadi ya picha, yaani kile kipande kinachochora gemu kwenye kioo. Kompyuta tuliipata Morogoro. Kioo tukatumia televisheni ya sebuleni. Ikabaki kuchagua: ukinunua kadi kubwa, unabakiwa na hela ya pawa saplai ya bei poa, lile boksi la ndani linalopokea umeme na kuugawa. Ukinunua pawa saplai nzuri, unachukua kadi ndogo.

"Kadi kwanza, mjomba," nilisema. "Pawa saplai ni boksi la umeme tu. Zote zinafanana."

Siku tuliyoipata, aliipima ile pawa saplai kwenye kiganja. "Mbona nyepesi hivi?"

"Teknolojia hiyo."

Akaitia kwenye mfuko. Alikuwa ameniamini, na hilo ndilo lililokuwa likiniumiza siku ile ya Alhamisi.

Vifaa alituuzia kijana mmoja anaitwa Goodhope, anayeuza vya mtumba kutoka Dar hadi Mbeya. Kilosa haingii. Ukimtaka, unamfuata Mikumi, barabara kuu, anaposimama kula. Jumatano tulimfuata, akatukabidhi kadi na pawa saplai, akatuwekea masharti huku anatafuna mishikaki.

"Mzee, sikiliza. Ijumaa saa nane mchana nipo hapa narudi Dar. Kadi ikiwa mbovu, nakurudishia hela yako. Ikiwa nzima, biashara imeisha. Pawa saplai hairudi kabisa. Na nikishapita Ijumaa, usinitafute."

Ndiyo maana Alhamisi kila kuzimika kulinikata maini. Treni inaondoka stesheni, mjomba ameinama mbele kama yuko kazini kweli, halafu pap! Giza. Kioo kinabaki cheusi na sura zetu mbili ndani yake.

"Kadi ni mbovu," nilisema mara ya tatu. "Tumeuziwa kanyaboya."

"Hatujui bado."

"Mjomba, inazima yenyewe!"

"Imani. Injini ikikusimamia porini hukimbilii kusema imekufa nini. Unaandika saa, unaandika mahali, unaandika ulikuwa unafanya nini. Ukiwa na mabehewa ishirini nyuma yako, kubahatisha ni dhambi."

Akaandika. Ana daftari la kaunta, jekundu, la aina ileile aliyokuwa akipanda nayo kwenye injini. Mara ya saba kuzimika, anti Sesilia alipita na beseni la nguo akasema, "Mnaandika matanga ya hiyo kitu?" Hakuna aliyecheka.

Ijumaa asubuhi nilimkuta anakunywa chai, daftari limefunguliwa mbele yake, kompyuta inawaka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Njoo usome hapa."

Nikasoma. Saa tatu na dakika kumi, naondoka stesheni. Saa tatu na arobaini na mbili, nimesimama kwenye ishara nyekundu. Saa nne na tano, gemu halijafunguliwa.

"Umeona nini?"

Niliona, na sikupenda nilichokiona. Kadi mbovu huzima ikichoshwa. Hii ilizima hata treni ikiwa imesimama, hata gemu likiwa halijafunguliwa. Kabla sijajibu, taa ya sebuleni ilififia kama mtu aliyefumba jicho moja, ikarudi. Kompyuta ikazima. Na kutoka nyuma ya ukuta ukaanza mngurumo tuliouzoea kiasi kwamba hatuusikii tena: mashine ya kusaga ya Abubakari.

Mjomba hakuandika. Alitoka nje na kandambili mguu mmoja.

"Abubakari! Jana uliwasha mashine saa ngapi?"

"Mara nyingi, mzee! Mteja akiisha nazima, akija nawasha. Unafikiri umeme wa luku naokota?"

"Saa tatu na kumi uliwasha?"

"Mimi nitajuaje dakika? Alikuja Bi Mwamvua na ndoo mbili, hiyo naikumbuka, maana alilalamika mpaka nikawasha."

Bi Mwamvua mwenyewe alikuwepo tena, na ndoo nyingine, na nyuma yake wanawake kama wanane. Juni kila mtu ana mahindi mapya. Mjomba akaomba jambo ambalo mimi ningekufa kwa aibu kuliomba: mashine izimwe nusu saa.

"Nusu saa?" Abubakari alifuta unga kwenye kope. "Kwa ajili ya nini, mzee wangu?"

"Nataka kuendesha treni."

Wanawake walicheka mpaka ndoo moja ikamwagika. "Wajukuu hawana uji, babu anacheza gemu!" alisema Bi Mwamvua. "Na tiketi tukate wapi, mzee Ulimboka?"

Mjomba alisubiri wamalize. Kisha akawaeleza taratibu, hana hasira, kwamba ile kadi imekula akiba yake, kwamba leo saa nane mwenye mali anapita Mikumi, na asipojua sasa hivi ugonjwa uko wapi hatajua tena. Aliongea kama anatoa ripoti. Kicheko kikapungua. Bi Mwamvua akaketi juu ya kifuniko cha ndoo yake.

"Dakika ishirini," alisema. "Ya ishirini na moja nasaga na mguu wako."

Zile dakika ishirini ni ndefu kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Gemu lilifunguka. Mjomba akaondoa treni stesheni. Dakika tano. Nane. Dirishani palikuwa pamejaa vichwa, vitenge na vumbi la unga, na hakuna aliyeongea. Kwenye kioo ilikuwa Ujerumani, milima, theluji.

"Mbona hakuna mbuzi relini?" alinong'ona mtu.

"Nyamaza, anaendesha."

Dakika ya kumi na nne, kumi na saba. Treni haikuzimika. Ya ishirini mjomba alisimamisha stesheni, akainua mkono bila kugeuka. "Abubakari, washa."

Mashine ikaguna. Taa ikafifia. Pap! Giza.

Wanawake wakapiga kelele kama goli limefungwa. Mimi nilitamani nipotee. Kadi ilikuwa nzima kabisa. Mbovu lilikuwa lile boksi jepesi, lisiloweza kuvumilia umeme ukinywea hata kwa kufumba na kufumbua. Boksi nililosema zote zinafanana.

Na hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza, maana masharti ya Goodhope yalikuwa wazi: kadi mbovu inarudi, kadi nzima hairudi, na pawa saplai hairudi kabisa. Hela ya kununua pawa saplai nyingine haikuwepo. Abubakari hawezi kuacha kusaga. Tukibaki na kadi tulivyo, mjomba ana kompyuta inayozimika mara saba kwa siku. Hela pekee iliyobaki ilikuwa imelala ndani ya ile kadi.

Tulipanda Noah ya abiria saa tano kasoro. Tulisimama kila kichaka. Pale kijiji cha Ulaya, njiani, tulipoteza karibu nusu saa tukisubiri abiria mwenye kuku. Niliikumbatia ile kadi ndani ya sweta langu la shule, nikaangalia saa ya simu mpaka nikaona kizunguzungu.

"Mjomba," nilisema kwa sauti ya chini, "tumwambie imekufa tu. Hana umeme pale wa kuipima. Atarudisha hela yote."

Aliangalia dirishani. Barabara ilipita. Nikadhani hajasikia.

"Mimi niliwahi kuandika kwamba breki ni nzima wakati sikuzipima," alisema mwishowe. "Kijana bado. Nilikuwa na haraka. Treni ikashuka Kidete inateleza, mimi na msaidizi wangu tunaangaliana. Ilisimama, hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku hiyo nikiandika kitu ambacho sicho, mkono unajua."

"Hapa hakuna mtu atakayekufa, mjomba. Ni kadi tu."

"Najua ni kadi."

Mikumi tulifika saa nane na dakika tisa. Nilikimbia mbele ya mzee, kitu ambacho si adabu, nikipenya katikati ya malori. Gari la Goodhope lilikuwa tayari linanguruma, yeye anafunga mlango wa nyuma.

"Goodhope! Bado!"

Aligeuka, akaona sweta. "Imekufa, eeh? Iweke hapo. Wote mnasema imekufa." Alikuwa ameshashika pochi.

Nilifungua mdomo. Naapa neno lilikuwa kwenye ulimi. Mjomba alikuwa amefika nyuma yangu, anahema, kandambili zimejaa vumbi.

"Haijafa," alisema.

Goodhope alirudisha pochi mfukoni. "Sasa mzee, kama haijafa umefuata nini? Tulikubaliana."

"Tulikubaliana. Sina haki ya kukurudishia. Nimekuja kukuomba tubadilishane." Akafungua daftari jekundu juu ya boneti ya gari. "Soma."

"Mzee, nawahi Dar."

"Soma mistari michache tu."

Dereva wake akapiga honi. Goodhope alisoma mstari wa kwanza akiwa amesimama upande. Wa tatu akavua miwani ya jua. Alipofika pale palipoandikwa *Ijumaa, mashine imezimwa, dakika ishirini, hakuna kuzimika. Mashine imewashwa, imezimika papo hapo*, alicheka kidogo.

"Nani alikuchagulia ile pawa saplai?"

"Mimi," nilisema, nikiangalia lami.

"Na mimi nilikuuzia," alisema, akajikuna shingo. Akamwambia dereva wake azime gari.

Akaichukua kadi, akaigeuza mkononi. "Mzee, hii kadi kuna jamaa Morogoro aliitaka, nikamwambia imeshauzwa. Kwa hesabu hii yako namuuzia leo leo bila hofu. Wengine wakinirudishia sijui ni nzima au mbovu, natupa kwenye boksi." Akaingiza mkono nyuma ya gari, akatoa kadi ndogo, nusu ya ile yetu, na pawa saplai kuukuu yenye kutu kwenye skrubu. Akampa mjomba aipime kiganjani. Mkono wa mjomba ulishuka.

"Hii ndiyo pawa saplai," mjomba alisema.

"Ongeza elfu ishirini."

Tulikuwa na elfu ishirini na mbili, ya nauli na maji ya kunywa. Mjomba alizitoa hizo ishirini bila kunitazama. Tulirudi Kilosa juu ya lori la mahindi, mimi nimekalia gunia, mapajani nina chuma kizito kuliko mdogo wangu. Dereva alikubali elfu mbili baada ya kusikia kwamba mzee naye ni dereva.

Jumamosi saa nne asubuhi tulikuwa mbele ya kioo. Theluji haikuwa nzuri kama ya kadi kubwa. Miti ya mbali ilikuwa kama brokoli. Anti Sesilia alisimama mlangoni na mwiko, akijifanya amekuja kuchukua chumvi. Treni ikaondoka stesheni.

Nyuma ya ukuta sauti ya Bi Mwamvua ikaita, "Mzee Ulimboka! Tunawasha!"

Mashine ikaguna. Taa ikafifia. Nilishika kigoda kwa mikono miwili. Kioo kikatetemeka, au macho yangu ndiyo yalitetemeka, na treni ikaendelea kwenda.

Mjomba aliichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa bado kwenye breki, akaandika kombokombo bila kuangalia chini: *Saa nne na kumi na mbili. Mashine imewashwa. Safari inaendelea.* Stesheni ilipoanza kuonekana mbele, akaniuliza honi iko kitufe gani. Nikamwonyesha. Akakibonyeza, na hakukiachia mpaka anti Sesilia akaziba masikio.