Fundi Cherehani Akiomba

Jamani, mngemwona fundi cherehani wetu akiomba! Anakaa kiti cha mbele kabisa, anafumba macho mpaka uso wote unakunjamana, na vidole vyake vilivyochomwachomwa na sindano vinapapasa pindo la gauni kama vinatafuta uzi uliofumuka. Sauti ndiyo usiseme: "Bwana, mfumbue macho mume wangu! Mlete hapa!" Kila Jumapili ni hilo hilo, na akishasema amina hageuki nyuma, anadaka wimbo. Kumbe mumewe alishaanza kuja! Anaingia kimyakimya, amevaa shati aliloshonewa na mkewe huyohuyo, anakaa karibu na mlango, na wimbo wa mwisho ukianza anatoka. Sisi wa nyuma tulikuwa tunafinyana kwa furaha, tukingoja mama ageuke. Leo mwanamume uvumilivu umemshinda. Maombi yamepamba moto, akapita katikati yetu, akamgusa mkewe begani. Fundi, macho kafumba vilevile, akausukuma ule mkono. "Subiri kidogo, ndugu yangu," akasema, "namwombea mume wangu." Mume akatugeukia, akatabasamu, akapiga magoti kando yake, akasubiri.