Sauti Yake Bila Jina

Ngumi ya kwanza ilikuwa yangu, na sijutii. Ilitua mdomoni mwa shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, katika ukumbi wa kanisa letu pale mtaa wa Parkdale, huku ughaibuni, watu wakiwa na sahani za wali mikononi. Yeye akanivunja pua. Nikamrushia kiti cha chuma. Hata wanaume walipotushika, tuliendelea kurushiana mateke.

Ugomvi ulikuwa wa programu. Mimi na mke wangu tuliitengeneza kwenye meza ya jikoni: inasoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti, na sauti ni yake. Alipofariki niliiweka wazi mtandaoni. Yeyote aichukue, aibadilishe, hata aiuze, ila sharti jina la mke wangu libaki. Shemeji aliichukua, akafungua kampuni mji wa jirani, Richmond Hill, akalifuta jina. Nilipoona palipokuwa na jina lake pana jina la kampuni, nilitamani kuua.

"Ile sauti ni ya kwetu," alinifokea siku ile huku akitema damu. "Ilikuwa ya kwetu mbele ikuwe ya kwako."

Nilikuwa nimeshamfungulia kesi. Lakini kanisani kwetu waliopigana hawakaribii meza ya Bwana mpaka wapatane, na Jumapili iliyofuata wazee wakatusimamisha mbele. Kusamehe kwetu hakuna nusu, husemi nimekusamehe lakini. Nikamshika mkono, bendeji puani, nikasema kama inavyosemwa: "Shemeji, nimekuachilia yote. Sikudai kitu." Akina mama wakapiga vigelegele. Moyoni bado nilitaka kumng'oa meno yaliyobaki.

Kumbe kuna mtu alikuwa akirekodi kwa simu.

Wakili wangu, mama wa Kiismaili mzaliwa wa Dar es Salaam, alinionyesha video hiyo ofisini kwake. Ilikuwa imeletwa na mawakili wa shemeji.

"Umesema mwenyewe, mbele ya watu, kwamba humdai kitu," alisema.

"Mama, nilimsamehe damu yangu. Sikumpa jina la mke wangu."

"Mimi nimekuelewa, baba. Lakini hakimu atasikia maneno hayo tu, tena kwa tafsiri."

Niliipiga meza yake ngumi, kioo kikapasuka, mkono ukachanika. Hakunifokea. Alinipa tishu, akanishauri niiondoe kesi kabla haijanimaliza. Nikakubali, na hasira ikanizidi palepale.

Nilipofika kwenye gari nikaipigia simu kampuni ya shemeji. Matusi nilikuwa nimeshayapanga, yale ya kwetu yanayogusa ukoo mzima. Simu ikaita kidogo, ikapokelewa.

"Karibu," ilisema sauti ya mke wangu. "Tafadhali subiri, tutakuhudumia."

Damu ilikuwa inadondokea usukani. Nikasubiri. Mtu alipopokea nikakata, kisha nikapiga tena.