Hiyo Si Gari

Mjomba wangu alikuwa fundi wa injini mjini Migori, na kwa karibu mwaka mzima alimwambia kila aliyekubali kumsikiliza kwamba chombo changu si gari. Aliyasema hayo mbele ya wateja wake, mbele ya mchungaji, na mara moja mbele ya walimu wenzangu waliokuja kutazama. Nilimchukia kwa maneno hayo. Nayaandika waziwazi kwa kuwa yeye mwenyewe alijua, na kuchukiwa hakukumkosesha usingizi hata siku moja.

Miguu yangu ilipooza nikiwa mtoto mdogo, kwa polio. Nilisoma kwa kubebwa, nikahitimu ualimu kwa kubebwa, na nilipopangiwa shule ya msingi iliyo kando ya barabara ya lami iendayo mpakani, niliendelea kubebwa. Kutoka kwa mama hadi shuleni ni kilomita nne. Kila asubuhi nilipakiwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya boda boda, nikamkumbatia kiunoni mwanaume nisiyemjua vizuri, magongo yangu yakiwa yamefungwa ubavuni kwa mpira. Mvua ikinyesha, haji. Akipata abiria wa mbali, haji. Mimi nakaa mlangoni na madaftari mapajani, na kule shuleni darasa langu la nne linapiga kelele hadi zinasikika sokoni.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka kunitetea. Siku moja aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia kwamba wakubwa wa elimu wameanza kuuliza. Nikiendelea kuchelewa, wataniandikia barua ya kunipumzisha kwa sababu za kiafya. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na sita. Nilimuuliza nipumzike kutokana na nini, naye akaufungua mlango.

Watu wa kanisa ndio waliopeleka habari zangu Homa Bay. Kulikuwa na chuo cha ufundi pale, na mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Ulaya aliyefundisha kuchomelea vyuma. Sisi tulimwita Odiero, kama tunavyomwita kila mzungu. Alinipima mikono kwa futi ya fundi cherehani, akaniuliza njia ya shuleni ikoje. Nikamwambia ni tambarare yote isipokuwa kilima kimoja, karibu na mwisho. Mikono yangu ina nguvu, lakini si ya kukishinda kilima kile.

Miezi kadhaa baadaye niliitwa kwenda kuchukua alichonitengenezea. Ilikuwa baiskeli ya magurudumu matatu, yenye kiti kipana na pedali za kuzungushwa kwa mikono mbele ya kifua. Hizo tulikuwa tumeziona. Mpya ilikuwa ile mota ndogo ya umeme chini ya kiti, na betri ya gari iliyoilisha. Njia tambarare, unazungusha mikono. Ukifika kilimani, unabonyeza swichi. Odiero alinionyesha mara moja tu, kisha akasogea kando.

Nilizunguka uwanja wa chuo kile mara tatu. Tangu nipooze sikuwahi kwenda mahali nilipopachagua mwenyewe bila mkono wa mtu mwilini mwangu. Nililia, na sikujificha. Kiti hicho, ndivyo nilivyokiita, kilisafirishwa hadi Migori juu ya lori la kreti tupu za soda, nami nikiwa mbele kando ya dereva, nikigeuka kila baada ya kona kuhakikisha hakijaanguka.

Mjomba alikikagua kama anavyokagua injini, akiwa amepiga magoti na ulimi nje. Kisha akasimama akajifuta mikono.

"Okewa," akasema, maana ndivyo Mjaluo anavyomwita mtoto wa dada yake, "hii ni kazi safi. Lakini hiyo si gari. Gari inakunywa petroli."

"Sikusema ni gari, nera," nikamjibu, yaani mjomba.

"Stima ikipotea utafanya nini?"

"Na petroli ikikosekana wewe utafanya nini?"

"Petroli haiwezi kukosekana! Hata Muhuru Bay utapata kwa chupa ya soda."

Hapo ndipo mabishano yalipoanza, na hayakuisha. Kibanda chake cha mabati kiligeuka bunge. Wanaume waliokuja kutengeneza pampu na pikipiki walikaa juu ya matairi makuukuu wakagawanyika pande mbili. Upande wa petroli walikuwa wengi. Walisema petroli ina nguvu, ina sauti, mtu anakusikia ukija na anakupisha. Betri ni ya redio, na ya kutazamia mpira kwenye televisheni ya dukani. Upande wangu walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa mwenye mashine ya kuchajia betri, kwa hiyo hakuhesabika. Mimi nilisema petroli inauzwa kwa kujificha siku hizi kwa sababu polisi wamekataza kuiuza kwa mitungi, na kwamba inanuka, na kwamba sitaki kuingia darasani nikinuka kama lori. Mjomba alisema harufu ya petroli ni harufu ya maendeleo. Aliniahidi kuing'oa ile mota na kuniwekea injini ya pampu ya maji, bure, siku yoyote nitakapopata akili. Nilimjibu kwamba akili ninayo na yeye aitafute yake, na mama akaniambia niombe msamaha.

Lakini nilikuwa nikifika shuleni kabla ya kengele. Mara mbili kwa wiki betri ilipelekwa mjini kuchajiwa, na kilima kile nilikuwa nakipanda taratibu, nikiwapita wenye baiskeli walioshuka kukokota. Wengine walinipigia makofi. Mwalimu mkuu aliacha kuniita ofisini.

Kisha chifu akaitisha baraza. Alisema amri imetoka juu: kila kitu kinachotembea barabarani kwa nguvu zake chenyewe lazima kiwe na nambari, bima na leseni, na anayekiendesha awe amefaulu mtihani wa udereva. Kisicho na hayo kitakamatwa. Wenye trekta walinung'unika. Mimi nilitazama miguu yangu. Mtu asiyeweza kukanyaga breki, nani angemfanyia mtihani?

Nikainua mkono. "Na yangu, chifu?"

"Yako iko na injini?"

"Iko na mota."

"Mota ni injini, ama si injini?"

Baraza zima likamgeukia mjomba. Akajikohoza, akafurahia kutazamwa.

"Mota ya stima si injini. Injini inakunywa. Hii ya huyu mtoto haikunywi kitu."

Watu wakacheka. Chifu akaandika kitu kwenye daftari lake, akasema atauliza huko juu. Kutoka huko juu halikuja jibu. Nikawa naendesha kila siku bila kujua kama ninavunja sheria, na kila nilipoona sare ya polisi kwa mbali nilipunguza mwendo.

Mjomba naye, ili kunionyesha, akaitengeneza ile injini ya pampu aliyoninyima au niliyoikataa, kutegemea unamuuliza nani. Aliifunga kwenye mkokoteni, akawa anabeba magunia ya mahindi na marobota ya tumbaku kutoka upande wa Kehancha. Ulikuwa unanguruma hadi kuku wa mama wakaacha kutaga, au ndivyo mama alivyodai. Alipita nyumbani kwetu makusudi, hata kama hapakuwa njia yake.

Halafu jirani yetu akafiwa na mumewe. Mazishi yakapangwa Ijumaa. Mjomba ndiye aliyekodisha vipaza sauti katika mazishi ya pale kwetu, akiviendesha kwa jenereta ya petroli. Alhamisi mchana jenereta ikakataa. Aliivuta kamba hadi bega likamuuma, akafungua kabureta, akaifunga, akaifungua tena. Wageni walikuwa wameshaanza kuingia, kwaya imevaa sare, na kwetu mtu hazikwi kimyakimya. Nikamwona anakuja kwetu polepole, kofia mkononi.

"Okewa. Naomba betri."

Nakiri nilikaa kidogo nikionja utamu wa maneno yale. Nilitaka kumuuliza kama betri inakunywa. Lakini mama alikuwa amesimama nyuma yangu, na kwa mama kitu cha matanga hakikataliwi. Ukinyima kilio cha mwenzio, chako utalia peke yako. Nikamwambia achukue; Ijumaa kazini niliomba ruhusa ya mazishi.

Betri ile iliimba Alhamisi usiku kucha na Ijumaa hadi jeneza likashushwa. Jumamosi haikwenda kuchajiwa, kwa sababu mjomba ni Msabato na mwenye mashine ya kuchajia ni Msabato, na siku ya Sabato hakishikwi chuma. Jumapili duka la kuchajia lilifunguliwa, lakini stima ilikuwa imepotea mji mzima. Jioni mjomba akairudisha betri chini ya kiti changu, akakaza nati vizuri, akanywa chai ya mama, akaondoka. Habari za chaji hakuzitaja.

Jumatatu asubuhi nikabonyeza swichi kuijaribu kabla ya kutoka. Kimya. Nikabonyeza tena. Nililia kwa hasira, nikamtukana mjomba kwa Kiluo, kisha kwa Kiswahili, nikaanza kuzungusha pedali. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilipiga hesabu kwamba nikifika chini ya kilima nitamwomba mpita njia yeyote anisukume, na heri nichekwe kuliko nichelewe.

Chini ya kilima palikuwa na polisi.

Walikuwa watatu, na kando ya barabara walikuwa wamepanga walivyokamata: pikipiki nne, trekta moja, na mwisho wa mstari mkokoteni wa mjomba, injini yake ikiwa bado inafuka moshi kidogo. Mjomba mwenyewe alikuwa amekaa chini kando yake na mikono magotini. Aliponiona alifumba macho.

Mkubwa wao alinisimamisha. Alikuwa mtu mzima, mwenye kitabu cha kuandikia vilivyokamatwa, na aliinama kuchungulia chini ya kiti changu.

"Mwalimu, hii ni nini hapa?"

"Ni mota, afande."

"Na hii ni betri. Kwa hiyo hii kitu inajiendesha. Iko wapi nambari? Leseni yako iko wapi?"

Niliona barua ya kupumzishwa kana kwamba imeshapigwa chapa. Niliona ile baiskeli ya boda boda, na kiuno cha yule mwanaume, na mvua.

"Washa tuone," akasema.

Nikabonyeza. Hakuna kitu. Akaniambia nibonyeze tena, nikabonyeza, na yeye mwenyewe akapeleka kidole akabonyeza. Kiti kilikaa kimya kabisa. Afisa alikuna kidevu. Kisha akamgeukia mjomba.

"Wewe si ndio fundi? Kuja hapa. Hii ni gari ama si gari?"

Mjomba akasimama, akajipangusa vumbi. Mali yake ilikuwa mikononi mwa watu wale, na neno moja la kuwafurahisha huenda lingemsaidia. Nami nilikuwa nimemtukana asubuhi hiyo hiyo, ingawa hakusikia. Alinitazama, akatazama swichi, na nikaona anajua vizuri kabisa kwa nini haikuwaka.

"Afande," akasema, "mimi nimesema tangu mwaka jana. Uliza mtu yeyote Migori, uliza hata chifu. Hiyo si gari. Gari inajipeleka. Hii umeona imekuja na mikono yake. Hiyo ni kiti."

Mmoja wa wenye pikipiki akadakia, "Ni kweli, huyu mzee husema hivyo kila siku, ametuchosha." Wengine wakaunga mkono. Mabishano ya mwaka mzima yakatoa ushahidi upande wangu kwa dakika moja.

Mwalimu wa somo la dini, niliyewafundisha watoto kusema kweli yote, nilinyamaza tuli.

Afisa alichana karatasi kwenye kitabu chake, akaandika, akaweka sahihi na tarehe, akanipa. "Wakikusimamisha tena, onyesha hii." Iliandikwa: Kiti cha mgonjwa. Aruhusiwe kupita. Siku nyingine yoyote, mtu akiniita mgonjwa ningemwacha na jibu la kulala nalo. Siku hiyo niliikunja karatasi ile mara nne, nikaitia ndani ya blauzi. Nilihisi mabega yananishuka kama niliyetuliwa mtungi wa maji kichwani. Nilicheka peke yangu, machozi yakitoka, na afisa akadhani nimepatwa na kitu.

"Wewe, fundi," akamwambia mjomba, "msukume mwalimu hapo juu, watoto wanangoja. Halafu urudi tumalize yako."

Akanisukuma. Kilima kizima nilisikia anavyohema nyuma yangu, na jasho lake liliniangukia shingoni. Katikati tulipumzika. Nikamwambia, bila kugeuka, kwamba betri ilikuwa imekufa.

"Najua," akasema. "Niliona aibu kukwambia. Nimeshukuru Mungu nilivyoona haijawaka."

"Na mkokoteni wako?"

"Ule ni gari," akasema, na hata katika huzuni ile nilisikia majivuno kidogo.

Kengele ililia tukiwa langoni. Akashika goti akivuta pumzi, kisha akaniambia nimwachie betri, ataipeleka mwenyewe kuchaji jioni. Akaifungua palepale, akaibeba begani, akashuka nayo kilima kwenda kuwakabili polisi.

Mkokoteni waliuachilia baada ya wiki kadhaa, bila injini. Karatasi yangu niliionyesha mara nyingi miaka iliyofuata, hadi mikunjo ikatoboka, na kila mara nilipita. Na kila Jumanne na Ijumaa, mvua au jua, mjomba alikuja kuchukua betri yangu kwa baiskeli yake, akairudisha imejaa, akabonyeza swichi mbele yangu nisikie mota ikilia. Kisha alisimama, akajifuta mikono, akasema hiyo bado si gari. Nami nilimjibu, kila mara, "Ni kweli, nera," tukanywa chai.