Vyombo vya Ulaya

Juzi, tukiwa kwenye foleni ya ofisi ya simu hapa Moshi, mzee mmoja wa Rau alikuwa akimfokea kwa simu mwanawe anayesoma Ulaya. Kijana amefeli mtihani, maana kila jioni anaosha vyombo hotelini ili apate kuishi huko.

"Vyombo? Wewe, mwanamume? Sasa utasoma saa ngapi? Acha mara moja, usije ukafukuzwa chuo!"

Binti yake, aliyemshikia koti, akauliza taratibu, "Baba, mbona mimi nilipofeli darasa la saba ulisema vyombo havimzuii mtu kusoma?"

Mzee akaigongagonga simu. "Haloo? Haloo?" Hata sisi wa kwenye foleni tulimsikia kijana bado anaongea.

Kumbe vyombo vinavyofelisha ni vya Ulaya. Vya Rau havina neno.