Neno Lisiloimbwa

Asubuhi alipopasuliwa kichwa, Nzivo alikuwa anakimbia kwenda kumpasua mtu mwingine. Mkewe huliruka jambo hili anaposimulia, na majirani huliruka pia, kwa sababu zao.

Anaishi Kayole, katika ghorofa zilizosogeleana hivi kwamba mtu wa dirisha hili anaweza kumpa chumvi mtu wa dirisha lile. Ni mchongaji, mtoto wa mchongaji kutoka Wamunyu, na kazi yake ilikuwa katika kibanda cha mabati nyuma ya maghala ya Industrial Area. Siku hiyo alikuwa amebeba begani kigogo alichotaka kwenda kukimalizia, amekifunga ndani ya gunia. Kutoka juu mwanamke akapiga ukunga: mtungi wake wa gesi umeibwa. Mwizi!

Kayole neno hilo haliulizwi maswali. Milango hufunguka, watu hushuka ngazi wakiwa na povu la mswaki mdomoni. Nimekaa katika miji ambako kelele za barabarani zikianza watu hufunga madirisha. Hapa hushuka. Nzivo aliokota jiwe kama wenzake akakimbia nao, na kwa kuwa alikuwa mwepesi wa miguu, akawatangulia wote. Hapo ndipo alipokosea. Waliotokea kona ya nyuma hawakumwona mwizi. Waliona mtu anayekimbia mbele ya umati, begani ana gunia lenye kitu cha ukubwa wa mtungi wa gesi.

Jiwe la kwanza lilimpata mgongoni. Aligeuka ili aonyeshe kigogo, na la pili likamwingia juu ya sikio la kushoto. Yaliyofuata yalikuwa ya kawaida: mbao, buti, kipande cha waya. Tairi la kumchomea lilikuwa limeshaletwa. Sauti moja nene ilikuwa inahimiza kwa furaha, kama ya mtu anayesaidia kusukuma lori lililokwama: "Haya, piga! Piga!" Kisha gunia likapasuka, na kigogo kikabingirika hadi kwenye mtaro, nusu yake tayari ni kichwa cha kifaru. Watu wakakitazama. Halafu kila mmoja akakumbuka alikokuwa anakwenda.

Hospitali ilimrudisha nyumbani akiwa hai, mkono wa kulia ukining'inia, na bila maneno. Kusikia alisikia yote. Kusema, alisema "ta". Alitaka chai, akasema "ta". Alitaka blanketi, akasema "ta, ta", na mkewe Muthoki alipomletea redio, aliirusha ukutani. Vikombe vilifuata. Kimoja kilimpasua Muthoki mdomo wa juu, na kovu lake huonyesha bila haya, kama mtu anayeonyesha kitambulisho.

"Sikumlaumu," aliniambia. "Lakini nilianza kununua vikombe vya plastiki."

Siku moja wanajumuiya walikuja kumwombea. Walipoanza wimbo wa zamani wa kanisani, Nzivo akafungua kinywa akaimba nao, maneno yote, ubeti hadi ubeti. Wanawake walilia, mmoja akaanguka magotini. Wimbo ulipokwisha Muthoki akamshika uso: "Baba Ndinda, sema jina langu." Akasema "ta".

Muuguzi mmoja hakushangaa aliposikia kisa hicho. Aliwaelekeza kwenye kituo kidogo karibu na Spine Road, ghorofani juu ya duka la rangi, ambako msichana anayeitwa Sally hutibu kwa muziki. Sally alinieleza hivi: maneno hukaa upande mmoja wa ubongo, lakini wimbo una vyumba pande zote mbili. Mlango wa Nzivo umebomolewa; wanajaribu kumpitisha dirishani. Humshika mkono wa kushoto, mzima, akaugongesha mezani taratibu, pigo moja kwa kila silabi, na wote wawili huimba kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini: ma-ji. Cha-i mo-to. Kila siku wimbo hupunguzwa kidogo, kwa matumaini kwamba mwishowe neno litasimama lenyewe.

Baada ya mazoezi hukaa duara. Nilikaribishwa humo nikaketi kando ya Mzee Owino, aliyekuwa askari wa zamu katika ghala, ambaye miguu yake huganda kizingitini kwa ugonjwa wa kutetemeka hadi apigiwe ngoma, ndipo apite. Batulo huja na binti yake mwenye mtindio wa ubongo. Ngumi za mtoto hufunguka gitaa likiwekwa kifuani pake, na mara hujifunga tena. Hakuna muujiza. Ni kazi, kama ya kusugua sakafu.

Lakini Nzivo alianza kuomba maji kwa kuimba, na tangu siku hiyo hakurusha kikombe. Muthoki aliijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote. Maadamu mumewe ana kiti katika lile duara, yeye yuko salama nyumbani kwake.

Kisha akaja Githinji. Alikuwa na bucha mtaani, mtu mnene, mcheshi. Kiharusi kilikuwa kimemlemaza mkono na mguu wa kushoto, ila ulimi kilimwachia wote.

"Niaje, wazee wangu," alisema akisaidiwa kukaa. "Nimeambiwa hapa mnafundisha kwaya ya walemavu. Mimi naimba besi."

Owino akacheka. "Besi tunayo. Tunakosa miguu."

Siku hiyo Sally aliamua kugawa vijiti. Kila mtu alipewa ndoo ya plastiki iliyopinduliwa, wapige pamoja, kwanza polepole, halafu haraka zaidi na zaidi. Ni zoezi zuri. Nimeliona likifanywa Lisbon na Dakar, watu wakitoka wamechangamka. Lakini Sally alikuwa ameweka vijiti mikononi mwa watu wanaomzunguka mtu aliyepigwa kwa mbao. Niliona bega la Nzivo likianza kuruka. Sally alimwona pia, akadhani anafurahia mdundo.

Githinji alinogewa. "Haya, piga!" alipaza sauti akicheka. "Piga! Piga!"

Nzivo alisimama. Alivuka duara akampiga Githinji usoni kwa kijiti, kikavunjika, akaendelea na kilichobaki. Alimpiga nyusi, akampiga pua, akamwangusha na kiti chake, na alipoinama juu yake alitumia ngumi. Githinji alijikinga kwa mkono mmoja aliokuwa nao. Mtoto wa Batulo alipiga yowe lisilokatika. Sally aliruka mgongoni kwa Nzivo akatupwa pembeni. Ni mimi na mwenye duka la rangi tuliomtoa, na kufikia hapo damu ilikuwa imetapakaa kwenye ndoo nyeupe. Muda wote huo alikuwa akipiga kelele: "Ta! Ta! Ta!"

Sista Nyawira, msimamizi wa kituo, hakutaka polisi wala korti ya Makadara. Alitaka radhi. Nzivo atasimama mbele ya duara aseme "nisamehe", au kiti chake kipewe mwingine. Kwa Sally hilo lilikuwa zoezi kama mengine. Wiki nzima aliugonga mkono ule wa kushoto mezani: ni-sa-me-he. Nzivo aliimba, vizuri.

"Imba hilo neno tu, Baba Ndinda," Muthoki alimsihi wakipanda ngazi. "Hata kama huna moyo nalo. Imba tukae."

Githinji alikuwa ameketi, plasta juu ya nyusi, pua imevimba. "Karibu, bondia," alisema. "Tunangoja konseti."

Sally akamshika Nzivo mkono, akagonga. Nzivo akaanza kwa sauti ya juu, kama walivyofanya mazoezi, kisha akashuka. Lakini maneno yaliyotoka yalikuwa mengine.

"We-we," aliimba. "We-we. Pi-ga. Pi-ga."

Aliyaimba kwa uso usiocheka, akimtazama Githinji. Tukaelewa wote, Githinji kabla yetu.

"Ilikuwa wewe?" Muthoki aliuliza.

"Mama, tulikuwa watu mia."

"Nimeuliza kama ilikuwa wewe."

"Jiwe moja," Githinji alisema. "Nilirusha jiwe moja. Kila mtu alirusha moja. Tairi si mimi."

Muthoki alimwendea akamzaba kofi upande wa plasta, hata kidonda kikafunguka. Hakuna aliyemzuia. Githinji alipangusa damu kwa kiganja, akaitazama.

"Sawa," alisema. "Lakini mwulize mumeo alikuwa ameshika nini mkono ule mwingine. Mwulize alikuwa anakimbilia nini. Sisi sote tulikuwa kazi moja siku ile, ila yeye alikuwa na mbio kuliko sisi."

Sista Nyawira akamgeukia Nzivo. "Ni kweli? Ulikuwa na jiwe?"

Nzivo aliinamisha kichwa mara moja. Ni kweli.

"Basi wote wawili mna deni. Ombaneni radhi tuendelee na kazi."

"Pole, ndugu yangu," Githinji alisema papo hapo, kwa wepesi ule wa mtu aliyemkanyaga mwenzake kwenye foleni. "Pole sana. Yameisha."

Ikawa zamu ya Nzivo. Sally akauchukua mkono wake tena, akagonga silabi ya kwanza, akaimba naye kwa chini: ni... Nzivo akauvuta mkono wake. Aliuweka nyuma ya mgongo, mahali ambapo Sally hakuweza kuufikia. Shingo yake ilikakamaa. Midomo ilitafuta, ikakosa, ikatafuta tena.

"Sitaki," alisema.

Halikuwa na sauti ya juu wala ya chini. Lilikuwa neno kavu, la mtu anayesema. Nilimwona Sally akiziba mdomo wake kwa kiganja, na macho yake, Mungu amsamehe, yalikuwa yanacheka.

Sista Nyawira alitimiza alichosema. Kiti kilipewa mwingine kabla hawajafika chini.

Mlangoni, mbele ya makopo ya rangi, Muthoki alimpiga mumewe kifuani kwa mkoba. Alimpiga tena na tena, watu wakapinda kando kuwapita. "Neno moja! Muda wote huu, neno moja, na ndilo hilo?"

Nzivo hakuinua mkono.

"Twende nyumbani," Muthoki alisema alipochoka.

"Sitaki."

"Nikutafutie chai?"

"Sitaki."

Muthoki alishusha mkoba. Alimtazama akihema, kovu la mdomo limekuwa jeupe.

"Basi unataka nikuache hapa hapa, niende zangu?"

"Sitaki," Nzivo alisema.