Mkanda Alioufunga Rika Langu

Ile kazi ya mashine niliipata kwa mdomo. Msimamizi wa nyumba ya wageni ya serikali, kule Mugumu, alipouliza nani kati yetu wafyekaji wawili anajua mashine, nilinyoosha mkono upesi. Kujua gani! Nilikuwa nimewahi kushika spana ya baiskeli, basi. Mwenzangu akaendelea kunoa fyekeo lake. Tulitahiriwa msimu mmoja, yeye na mimi, na kwetu Wakurya mtu wa rika lako unamtania na kumtukana upendavyo, lakini humtupi.

Uwanja ule tulikuwa tumeufyeka kwa mikono tangu tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa na kuacha mashamba yetu ya zamani. Sasa ilikuwa imekuja mashine ya kukatia nyasi, na msimamizi alitueleza waziwazi: ikifanya kazi vizuri mpaka Ijumaa, mfanyakazi mmoja atatosha.

Jumatano injini ilinguruma lakini kisu hakikuzunguka sawasawa. Mkanda unaopeleka nguvu kutoka kwenye injini ulikuwa unateleza. Nikaukaza. Ukateleza tena, nikaukaza zaidi, kwa hasira, mpaka mashine ikaanza kulia na mpira ukanuka kuungua. Nikaipiga teke. Mjinga mimi, niliumia kidole tu.

Rika langu aliweka fyekeo chini, akaniuliza kama mashine imeniibia ng'ombe. Akazima injini, akautoa mkanda, akaufuta kwa kitambaa kikavu pamoja na magurudumu unayopitia, maana nilikuwa nimeumwagia oili na wala sikuona. Alipourudisha aliisogeza injini taratibu, huku akiubonyeza mkanda katikati kwa dole gumba. Ulipokuwa unabonyea kiasi cha unene wa kidole, hapo ndipo alipokaza nati. Kumbe alikuwa amefanya kazi upande wa Kenya, kwenye mashine ya kusaga. Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ile. Akajibu kwamba mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono.

Ijumaa uwanja ulipendeza kweli. Msimamizi aliuzunguka wote, kisha akasimama mbele yetu. Alikuwa ameisikia mashine ikilia Jumatano.

"Nani aliyeitengeneza?" akauliza.

Nilimtazama rika langu. Yeye alikuwa na watoto watano, mimi wawili. Aliangalia chini.

"Ni mimi, ndugu," nikasema.

Mwenzangu aliachishwa kazi mchana uleule, kwa maneno mazuri ya kujenga taifa. Tulirudi pamoja kwa miguu. Nilisubiri anitukane, Mungu anajua, nilitamani anitukane. Yeye akazungumza habari za mvua na mtama wake. Niliona aibu mpaka nikajikwaa, na bado Jumatatu nikaenda kazini.

Miaka mingi baadaye, kwenye matanga yake, nilishindwa kuvumilia. Nikamwita mjane wake pembeni nikamweleza yote, tangu oili mpaka ule uongo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua, shemeji," akasema. "Aliniambia jioni ileile. Akanikataza kukukunjia uso utakapokuja kula kwetu."